Plastiki angavu au waya za chuma? Mambo ya kupima kabla ya kunyoosha meno ya mtoto

Musoma. Picha ya kijana anayetabasamu akiwa amevaa plastiki angavu isiyoonekana kwa mbali sasa inafika kwenye simu za wazazi wa Nyakato, Balili na Kiabakari kama inavyofika kwa wazazi wa Dar es Salaam. Tangazo lenyewe huwa fupi: hakuna chuma, hakuna maumivu, meno yananyooka ukiwa nyumbani. Mtoto wa kidato cha pili aliyechoka kutaniwa na wenzake akiliona, kazi ya kumshawishi mama au baba huwa imefika nusu.

Tangazo hilo lina ukweli ndani yake, na lina chumvi. Ni kweli kwamba vifuniko vya plastiki angavu hunyoosha meno na kwamba kwa matatizo mengi madogo na ya kati vinafanya kazi nzuri. Si kweli kwamba vinamfaa kila mtoto, wala kwamba daktari anaweza kurukwa.

Kwa familia ya Musoma, Bunda au Butiama, kuonekana au kutoonekana kwa kifaa ni jambo dogo. Maswali makubwa ni matatu: nani atamfuatilia mtoto, baada ya kila wiki ngapi, na mtoto mwenyewe atakivaa kifaa kwa saa ngapi kwa siku. Mzazi asiyekuwa na majibu ya maswali hayo anaweza kutumia fedha nyingi na kubaki na meno yaleyale, au mabaya zaidi.

Jino linasogeaje?

Jino halijajengewa kwenye taya kama msumari kwenye ubao. Mzizi wake umeshikwa na nyuzi laini zilizo kati yake na mfupa. Jino likisukumwa kwa nguvu ndogo kwa muda mrefu, mfupa wa upande linakoelekea huyeyuka taratibu, na upande linakotoka hujengeka mfupa mpya. Ndiyo maana kazi hii huchukua miezi na si siku.

Nguvu ikizidi, au ikiwekwa mahali pasipofaa, mzizi wenyewe unaweza kulika na kuwa mfupi, na jino likaanza kulegea. Ndiyo maana daktari hupiga picha ya eksirei kabla ya kuanza. Anataka kuona mizizi, mfupa na meno ambayo bado hayajatoka, vitu ambavyo kioo cha nyumbani hakiwezi kumwonyesha mzazi.

Waya za chuma na plastiki angavu zinatumia kanuni hiyohiyo moja. Tofauti yake ni namna nguvu inavyofikishwa kwenye jino.

Waya za chuma: zinakaa, zinafanya kazi

Kwenye waya za kawaida, vidude vidogo vya chuma hugandishwa kwenye kila jino, kisha waya mwembamba hupitishwa katikati yake. Waya huo hutaka kurudi kwenye umbo lake, na katika kurudi huvuta meno. Daktari huubadili au kuukaza kila baada ya wiki nne hadi nane. Kwa watoto wengi, kazi nzima huchukua kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka miwili, na kwa matatizo makubwa huzidi hapo.

Nguvu kubwa ya waya ni kwamba mtoto hawezi kuzivua. Zinafanya kazi akiwa darasani, akiwa amelala na hata akiwa amezisahau. Pia humpa daktari uwezo mkubwa zaidi wa kugeuza jino lililojipinda, kushusha chonge lililokwama juu ya ufizi, au kuziba nafasi iliyobaki baada ya kung'oa jino ili mengine yapate pa kukaa.

Ubaya wake unajulikana kwa kila aliyewahi kuzivaa. Siku za mwanzo mdomo huuma na midomo huchubuka. Chakula hunasa. Miwa, mahindi ya kuchoma yanayong'atwa kwenye gunzi, karanga ngumu na mifupa huweza kung'oa vidude hivyo. Ugali si tatizo, wala samaki aliyetolewa miiba.

Kubwa kuliko yote ni usafi. Mtoto asiyepiga mswaki vizuri huweza kuvuliwa waya meno yakiwa yamenyooka lakini yana alama nyeupe za kuoza kuzunguka mahali vidude vilipokuwa. Alama hizo ni mwanzo wa kutoboka kwa jino.

Plastiki angavu: mlolongo wa vifuniko

Vifuniko angavu vilianza kujulikana duniani mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1997 huko California, Marekani, Zia Chishti na Kelsey Wirth, waliokuwa wamesoma pamoja Chuo Kikuu cha Stanford, walishiriki kuanzisha kampuni ya Align Technology. Chishti alikuwa amevaa waya akiwa mtu mzima, na baada ya kuvuliwa akapewa plastiki ya kuyashikilia meno. Aligundua kwamba akiacha kuivaa meno yanaanza kurudi, na akiivaa tena yanasogea. Wazo lake likawa hili: kama plastiki moja inaweza kulirudisha jino kidogo, basi plastiki nyingi zinazofuatana zinaweza kulifikisha mbali. Mwaka 1998 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliiruhusu bidhaa yao, Invisalign. Leo kampuni nyingi hutengeneza vifaa vya aina hiyo.

Daktari huchukua umbo la meno ya mtoto kwa skana ndogo inayoingizwa mdomoni, au kwa kumng'atisha dawa laini inayoganda. Kompyuta hupanga safari ya kila jino kutoka lilipo hadi linapotakiwa kufika, na safari hiyo hugawanywa katika hatua. Kwa kawaida kifuniko kimoja hulisogeza jino takriban robo ya milimita tu. Jino linalotakiwa kusogea milimita tatu litahitaji angalau vifuniko 12. Kila kimoja kikivaliwa wiki mbili, hizo ni wiki 24, na hapo ni kama hakuna kilichokwenda kombo.

Mara nyingi daktari hugandisha kwenye baadhi ya meno vinundu vidogo vyenye rangi ya jino ili plastiki ipate pa kushika. Kwa hiyo hata neno "havionekani" linahitaji kupunguzwa kidogo: kwa karibu vinaonekana, ingawa si kama chuma.

Faida zake ni za kweli. Mtoto huvua vifuniko anapokula, hivyo hakuna chakula alichokatazwa. Hupiga mswaki kama kawaida, na fizi ni rahisi kuzitunza. Hakuna waya wa kuchoma shavu. Maumivu yapo, hasa siku mbili tatu za mwanzo wa kila kifuniko kipya, lakini mara nyingi ni ya kubana tu.

Saa 22 si mchezo

Hapa ndipo wazazi wengi wanapopaswa kusimama na kufikiri. Ili vifuniko vifanye kazi, mtoto anatakiwa kuvivaa saa 20 hadi 22 kwa siku. Akivivaa usiku tu, meno hayafiki yanakotakiwa, na kifuniko kinachofuata hakitaingia.

Chukua siku ya mwanafunzi wa kutwa. Chai ya asubuhi dakika 20. Uji shuleni dakika 15. Chakula cha mchana dakika 30, cha usiku dakika 30. Kupiga mswaki mara tatu, dakika tano kila mara, ni dakika 15. Jumla ni dakika 110. Katika zile saa mbili za kuvua, zimebaki dakika 10 tu. Hapo bado hajapita kwa muuza miwa, hajanunua karanga wakati wa mapumziko, na hajapewa soda kwenye sherehe ya jirani.

Kinywaji pekee kinachoruhusiwa vifuniko vikiwa mdomoni ni maji ya kawaida. Chai ya moto huweza kuikunja plastiki, na soda au chai ya sukari hujificha kati ya plastiki na jino na kulioza. Kila baada ya kula, mtoto asafishe meno, au angalau asukutue kwa maji, kabla ya kuvirudisha. Shule isiyo na maji karibu na madarasa huifanya kazi hiyo kuwa ngumu.

Kisha kuna kupotea. Kifuniko kilichofungwa kwenye karatasi wakati wa chakula hutupwa na mabaki. Kilichowekwa mfukoni hukaliwa. Mtoto anayepoteza kalamu tatu kwa wiki anaweza kupoteza kifuniko pia, na kingine huenda kikaagizwa mbali na kusubiriwa kwa wiki kadhaa. Kikipotea, mzazi ampigie daktari siku hiyohiyo. Mara nyingi mtoto huambiwa avae kile cha nyuma yake ili meno yasirudi, ama aingie kwenye kinachofuata ikiwa muda wake umekaribia. Kwa sababu hiyo, vifuniko vya zamani visitupwe hadi daktari aseme.

Kwa kijana mwenye nidhamu, plastiki ni chaguo zuri. Kwa asiyeweza kukumbushwa mara tano kwa siku, chuma kinaweza kuwa rafiki zaidi.

Safari na ratiba ya shule

Mabingwa wa kupanga meno nchini ni wachache na wengi wako Dar es Salaam. Kwa mkazi wa Mara, hospitali ya rufaa ya kanda ni Bugando, jijini Mwanza, zaidi ya kilomita 200 kutoka Musoma. Bunda ni karibu zaidi na Mwanza, lakini bado ni safari ya siku nzima kwenda, kusubiri zamu na kurudi.

Chukua mfano wa mama wa Kiabakari ambaye mwanaye amewekewa waya mjini Mwanza na anatakiwa kurudi kila baada ya wiki sita kwa miaka miwili. Hizo ni safari 17 hivi, za watu wawili, bila kuhesabu waya utakaochomoka katikati. Kwa plastiki angavu, daktari anaweza kumpa mtoto vifuniko kadhaa kwa pamoja na kumwona, tuseme, kila baada ya wiki 10. Safari zinashuka hadi 10 hivi, na kati yake daktari anaweza kuomba picha za meno kwa simu. Gharama ya plastiki ikiwa juu kuliko ya waya, nauli na siku za kazi zilizookolewa ziingizwe kwenye hesabu kabla ya kuamua.

Kwa mtoto wa bweni hesabu hubadilika. Akitoka shuleni likizo tu, waya za chuma zinaweza kukaa zaidi ya miezi miwili bila kuangaliwa. Waya zilizoachwa bila daktari huweza kuyapeleka meno mahali pasipotakiwa, na fizi zikavimba bila mtu kujua. Upande wa pili, plastiki bwenini haina mama wa kuuliza "umevaa?" Katika hali hiyo mzazi azungumze na shule kuhusu ruhusa ya kwenda kliniki kabla kifaa hakijawekwa, au asubiri wakati mtoto atakapokuwa nyumbani. Kwa matatizo mengi ya mpangilio, kusubiri mwaka mmoja hakuharibu kitu, mradi daktari amelithibitisha hilo.

Si kila meno yanahitaji kunyooshwa

Mwanya wa meno ya mbele, ambao kwa wengi ni urembo, si ugonjwa. Kwa mtoto wa miaka saba au nane, mwanya huo mara nyingi hupungua wenyewe chonge za ukubwani zinapotoka. Meno yenye rangi ya kahawia kutokana na floridi nyingi kwenye maji, tatizo linalojulikana zaidi Arusha na Kilimanjaro, hayatakuwa meupe kwa waya wala kwa plastiki. Hayo yana tiba nyingine.

Yanayohitaji kuonwa mapema ni haya: meno ya mbele ya juu yaliyochomoza sana, kwa sababu huvunjika kirahisi mtoto akianguka, meno ya juu yanayong'ata ndani ya ya chini, meno ya mbele yasiyokutana mtoto anapofunga mdomo, na jino la ukubwani lililochelewa sana kutoka. Mtoto anayeendelea kunyonya kidole wakati meno ya ukubwani yanatoka naye apelekwe. Chama cha madaktari wa kupanga meno cha Marekani hushauri mtoto aangaliwe mpangilio wa meno kabla au akifika miaka saba. Si lazima aanze tiba umri huo. Wengi huanza wakiwa na miaka 11 hadi 14, meno ya utotoni yanapokuwa yamekwisha kung'oka.

Sehemu ya matatizo haya huanzia nyumbani, miaka mingi kabla ya waya. Magego ya kwanza ya ukubwani huota mtoto akiwa na miaka sita hivi, nyuma kabisa ya meno ya utotoni, bila jino lolote kung'oka. Wazazi wengi hudhani ni ya utotoni na huyaacha yaoze. Vilevile, meno ya utotoni yaking'olewa mapema kwa kuoza, ya jirani husogea na kuziba nafasi, na la ukubwani likija hukosa mlango.

Kuna pia imani ya "meno ya plastiki" au "meno ya nailoni", iliyoripotiwa sehemu mbalimbali za Tanzania. Mtoto mchanga mwenye homa au kuharisha huchanwa ufizi na kutolewa kile kinachodaiwa kuwa jino baya. Kinachotolewa ni chipukizi la jino la utotoni, mara nyingi chonge, na chipukizi la ukubwani lililo chini yake huweza kuumia. Mtoto huyo anaweza kukosa chonge au kuotewa na jino lililopinda, mbali na hatari ya damu na maambukizi. Kuharisha kunatibiwa kituo cha afya, si kwenye ufizi.

Vya kununua mtandaoni

Kampuni ya SmileDirectClub ya Marekani iliwatumia wateja vifuniko kwa posta, wengi bila kukaa kwenye kiti cha daktari. Septemba 2023 iliomba ulinzi wa kufilisika, na Desemba mwaka huohuo ikafunga shughuli zake, ikawaacha watu katikati ya tiba. Kama hilo lilitokea kwa kampuni kubwa kiasi hicho, muuzaji asiye na ofisi anayejibu kwa ujumbe wa simu tu anaweza kutoweka kirahisi zaidi.

Hatari nyingine ni vifuniko vya silikoni vya saizi moja kwa wote, waya za urembo zinazobandikwa na fundi wa kucha au nywele, na mipira midogo ya kufunga mwanya. Mpira uliovikwa kwenye meno mawili huweza kuteleza chini ya ufizi kimyakimya, ukakata nyuzi zinazoshika mizizi hadi meno mazima yakatoka. Mtoto anaweza kuununua kwa fedha ya soda na mzazi asijue.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Daktari wa meno nchini anatakiwa awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na vifaa tiba vinasimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Mzazi ana haki ya kuuliza bila kuona haya:

Je, mtoto amepigwa eksirei na meno yaliyooza yametibiwa kwanza? Tatizo lake ni dogo, la kati au kubwa, na je, plastiki inaliweza au itaishia kuhitaji waya? Bei inajumuisha nini: vifuniko vya nyongeza, kilichopotea, kidude kilichong'oka, kifaa cha kushikilia meno mwishoni? Malipo yanaweza kugawanywa? Bima ya familia inachangia chochote? Tukiwa Butiama na waya ukachomoka, tumwone nani?

Swali la mwisho lina jibu la muda ambalo kila nyumba inaweza kuwa nalo. Ncha ya waya inayochoma hufunikwa kwa nta ya meno anayoitoa daktari, mtoto husukutua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, kisha hupelekwa kliniki ya kinywa na meno iliyo karibu. Waya usikatwe nyumbani kwa mkasi au koleo. Kipande kinaweza kumezwa.

Kazi haiishi siku ya kuvua

Meno yaliyonyooshwa hutaka kurudi yalikotoka. Baada ya waya au plastiki, mtoto hupewa kifaa cha kuyashikilia, ambacho huvaliwa karibu muda wote kwa miezi ya mwanzo, kisha usiku kwa miaka. Familia isiyoweka bajeti na nidhamu ya hatua hiyo inaweza kurudi mwanzo baada ya mwaka mmoja.

Hatua ya kwanza, hata hivyo, haihitaji Mwanza wala Dar es Salaam. Ni kumpeleka mtoto kwa daktari wa kinywa na meno aliye karibu, iwe Hospitali ya Rufaa ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere iliyoko Kwangwa, Musoma, au hospitali ya wilaya, kutibu yaliyooza, kupata rufaa iliyoandikwa vizuri, na kuanza leo mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floridi. Mtoto aliyeshindwa mswaki kwa miezi mitatu hajawa tayari kwa waya wala kwa plastiki. Aliyeweza, mzazi anaweza kukaa naye, kalenda ya shule mkononi, wakachagua.